Mafaili Yote Yaliitwa Kumb

Siku ya kukabidhi funguo za karakana, Neema, ambaye sasa kiti changu ni chake, aliniuliza mbele ya watu ni kazi gani ilinisumbua kuliko zote. Nadhani alitegemea nitaje ile radi iliyopita kwenye waya wa simu ikaunguza mashine za jengo zima, au ule msimu mchwa walipojenga ndani ya printa. Nilimjibu kwamba ni kompyuta ya Bi Zuhura. Wenzake wakacheka, maana kompyuta hiyo haikuungua wala haikuliwa na mdudu yeyote. Ilikuwa nzito tu. Basi nimekaa kuwaandikia ninyi mliobaki kazini mjue habari yenyewe, na mjue mapema kwamba hayo maneno "ni nzito tu" ndiyo yatakayowatoa jasho mpaka nanyi mkabidhi funguo.

Kwa msionijua, jina langu ni Sesilia. Baba alikuwa mwalimu kutoka milima ya Uluguru, akahamishiwa Bagamoyo katika shule ya misheni na hakurudi tena. Mimi nilisomea ufundi wa redio, jambo lililowashangaza shangazi zangu wote. Chuo chetu, hapo kando ya barabara ya Dar ukishapita Zinga, kilikuwa kinafundisha ushonaji, useremala na uhazili, na darasa zima la uhazili lilikuwa likigonga mashine za chapa kutwa. Mashine zinazogongwa kutwa zinahitaji fundi, na fundi aliyekuwepo alihitaji msaidizi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyangu vya kanisani. Mlinzi akanitazama juu mpaka chini, akaniambia jikoni ni kwa nyuma, nipite upande wa tangi la maji. Nikapita. Mpishi naye, bila kuuliza, akanipa kisu na beseni la karoti. Nilimenya nusu ya beseni kabla mtu hajaja kunitafuta. Yule mpishi baadaye akawa wifi yangu, lakini hiyo si habari ya kazi.

Aliyekuja kunitafuta ni Mzee Athumani, fundi wa mashine za chapa. Alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na mbishi ajabu. Alibishana hata na redio. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipeleka ofisi ya mapokezi, akaniwekea stuli pembeni.

"Kaa hapo. Usiguse kitu."

"Nifanye nini, mzee?"

"Msikilize huyo anavyopiga."

Huyo alikuwa Zuhura, mpiga chapa wa chuo, binti wa familia ya wavuvi wa Bagamoyo mjini, mkubwa kwangu kiasi cha kumwamkia shikamoo. Alipiga chapa bila kutazama vidole, na sauti yake ilikuwa moja, kama mvua kwenye bati. Mtu akiingia, mvua inakatika. Zuhura anamgeukia mgeni mwili mzima, anamwamkia, anamuuliza habari za nyumbani, za mama, za yule mtoto aliyekuwa na homa, na mgeni naye anajibu yote na kuuliza yake. Wakimaliza ndipo linasemwa lililomleta. Kisha mvua inaendelea pale pale ilipoishia. Mzee Athumani aliporudi aliniuliza nimesikia nini. Nikasema kuna herufi moja inachelewa kurudi, sijui ni ipi, lakini ni ya mkono wa kushoto. Akatabasamu, na hakutabasamu tena mpaka wiki iliyofuata.

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote kwangu, nami sikupata nyingine iliyoizidi. Alikataa kata kata kupima mashine peke yake. Alitaka mwenye mashine akae, afanye kazi yake kama anavyoifanya kila siku, na fundi akae pembeni na kikombe chake cha kahawa. "Mashine ikimwona fundi inajitia heshima," alikuwa akisema. "Ngoja ijisahau." Nilimcheka moyoni miaka mingi.

Kompyuta zilipokuja, Mzee Athumani alizitazama, akasema hazina sauti, akastaafu. Sisi wengine tulizipokea kama bibi harusi. Viatu vilivuliwa mlangoni. Kila mashine ilishonewa kitambaa cha kudarizi na wanafunzi wa ushonaji, chenye maua na maneno ya kukaribisha wageni, na kikatandazwa juu yake hata ikiwa inafanya kazi, kikaziba yale matundu ya nyuma yanayotoa joto. Nilipigana na vitambaa hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyopigana na virusi. Kilichobaki nilipigana na chumvi. Hewa ya pwani inakula chuma polepole, inaingia ndani ya sanduku na kukaa kwenye viungio, na siku moja mashine inakataa kuwaka. Watu wa Dar waliniambia ninunue dawa maalumu ya kupuliza. Mimi nilitumia kifutio cha penseli kusugua zile shaba mpaka zing'ae, brashi laini ya rangi, na pampu ya baiskeli ya kutolea vumbi. Na mjusi, msisahau mjusi. Anapenda kulala mahali penye joto karibu na umeme, na hajui kwamba usingizi huo ni wa mwisho. Kabla hujamwambia mtu kompyuta yake imekufa, fungua kwanza uone aliyekufa ni nani.

Sasa nije kwa Bi Zuhura. Alihamia kwenye kompyuta bila shida, vidole vyake vikapata hata kasi zaidi. Shida ilikuwa kwenye kuhifadhi. Barua za ofisi mnazijua: mstari wa kwanza ni "Kumb. Na.", yaani kumbukumbu namba, kisha ndiyo yanafuata mengine. Karatasi zetu zilikuwa zimeshachapwa kichwa cha chuo, kwa hiyo kwa kompyuta barua ilianzia hapo. Na kompyuta, usipoipa barua jina, yenyewe inachukua maneno ya mwanzo mpaka ikutane na alama. Ikakutana na nukta baada ya "Kumb". Barua ya kwanza ikaitwa Kumb. Kwa ya pili, kompyuta ilipouliza kama ifute ya kwanza, Bi Zuhura akaongeza namba mwishoni mwa jina. Ikawa Kumb1, Kumb2, na kuendelea, miaka nenda miaka rudi. Barua ya mwanafunzi aliyefukuzwa iliitwa Kumb, ya msaada wa vitabu kutoka kwa wafadhili iliitwa Kumb, ya kuagiza nyuzi iliitwa Kumb. Mwanamke yule ambaye kwenye makabati ya mafaili alikuwa akitoa karatasi huku anaongea na mtu mwingine, sasa alikuwa akifungua Kumb moja baada ya nyingine na kutikisa kichwa.

Mwalimu mmoja wa hesabu za biashara alimhurumia, akamwekea programu ya kutafuta. Unaandika neno lolote, "cherehani" kwa mfano, nayo inakuletea kila barua yenye neno hilo ndani yake. Bi Zuhura alifurahi sana, akaipa jina mpekuzi. Mpekuzi naye alikuja na ndugu zake: programu ndogo za nyongeza, moja ya kusoma barua za zamani, nyingine ya kupekua barua pepe, nyingine ya picha. Kisha kwenye mtandao kukatokea wapekuzi wengine, kila mmoja anadai yeye ni hodari kuliko mwenzake, nao wakaingia. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba baada ya muda nilianza kuitwa mapokezi.

"Fundi, inanichezea," Bi Zuhura alisema. "Naandika mstari mzima, hauonekani. Nakaa. Halafu herufi zinaingia moja moja, kama watu waliochelewa msibani."

Niliondoa kitambaa cha kudarizi, akanuna. Nilifungua sanduku nikapiga pampu, nikasugua kwa kifutio. Nilipitisha dawa ya virusi. Kisha nikakaa mwenyewe kwenye kiti chake wakati yeye amekwenda kuswali adhuhuri, nikaandika ukurasa mzima wa upuuzi kwa haraka. Herufi zilitoka papo hapo. Nikarudia kesho yake, hali ilikuwa ile ile. Mashine haikuwa na neno.

Na hapo ndipo jambo dogo likawa kubwa. Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Bwana Kimaro, mtu wa bara, mchapakazi, hodari kweli, aliyekuja kwetu na mipango mingi na miguu ya haraka. Alikuwa akisema "habari" akiwa ameshakupita, ukijibu unaijibia shati lake. Hakuwa mtu mbaya. Barua zilikuwa zinachelewa, wazazi wanalalamika, naye alitaka kujua sababu. Aliniuliza kama mashine ya mapokezi ni nzima. Nikamwambia nilichokiona: nikiipima ni nzima.

"Basi mtu ndiye amechoka," alisema, kwa upole. "Chuo kikifunguliwa baada ya likizo, Bi Zuhura ataenda Fukayosi. Kule shambani hakuna kompyuta, atakaa na funguo za stoo, atapumzika. Hapa nitaweka kijana."

Fukayosi ndiko tulikokuwa na shamba la mafunzo, na ni mahali pazuri kwa anayependa utulivu. Lakini Bi Zuhura alikuwa na mama. Bibi yule alikuwa amepooza upande mmoja, yuko kitandani Bagamoyo mjini, na hakuwa na mtoto mwingine. Bi Zuhura alimlisha asubuhi kabla ya kazi, mchana akapanda bajaji kwenda kumgeuza na kumpa maji, akarudi kazini kanga yake bado ina majimaji. Hilo wote tulilijua, ila Mkuu peke yake, kwa sababu hakuwahi kusimama muda wa kutosha kuambiwa. Kutoka Fukayosi hakuna kwenda kumgeuza mtu mchana na kurudi. Bi Zuhura alipopewa habari hakulia wala hakubishana. Alikuja karakana, akakaa, akashika tama.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nimechoka? Niambie wewe unayejua mashine. Kama ni mimi, niambie nikubali."

Roho iliniuma. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na kweli yangu ndiyo ilikuwa inampakia Fukayosi. Nikamwambia anipe muda, na alipoondoka nikabaki natazama pampu yangu ya baiskeli kama mjinga. Ndipo nikamkumbuka Mzee Athumani na stuli yake. Nilikuwa nimeipima mashine, tena na tena, peke yangu.

Kesho yake nilichukua kahawa na kashata, nikaenda mapokezi, nikaweka stuli pembeni. Bi Zuhura akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja kukaa. Akapiga chapa, ile mvua ya siku zote, herufi zinatoka vizuri. Akaingia mama mmoja wa Zinga aliyekuwa na binti darasa la ushonaji. Mvua ikakatika. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, baba watoto anaendeleaje na mguu, mihogo imekubali mwaka huu, na ule msiba wa jirani umekwishaje. Mimi nakunywa kahawa. Wapo katikati ya msiba, nikasikia kitu chini ya meza. Feni ya kompyuta, iliyokuwa imetulia, ilianza kupanda sauti. Ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa inavuma. Hakuna aliyeigusa. Yule mama akamaliza, akaomba barua yake, Bi Zuhura akageukia kibodi, akapiga mstari. Kwenye skrini pakawa patupu.

"Unaona?" akasema.

"Naona," nikasema. "Tena nasikia."

Nilifungua ile orodha inayoonyesha kila kazi inayoendelea ndani ya mashine na ni ipi inayomtumikisha prosesa, yaani ubongo wake. Ninyi mnaifungua kila siku. Wakati ule nilikuwa naikumbuka nikishakwama tu. Na pale juu, wamejipanga kama wageni wa shughuli, walikuwepo wapekuzi. Hawakuwa mmoja wala wawili. Prosesa alikuwa amekabwa, hana hata pumzi ya kuandika herufi "a".

Mpekuzi ili akujibu haraka anahitaji kusoma mafaili yote mapema na kujiwekea kumbukumbu zake. Ili asikusumbue, anasubiri uondoke. Anajuaje kwamba umeondoka? Akiona kibodi na mausi vimetulia kwa muda, anasema mwenye mashine ametoka, sasa kazi. Aliyeitengeneza programu ile, popote alipo, alikuwa amekadiria muda ambao mtu anaweza kuacha kuandika huku bado yupo. Kwao huenda muda huo unatosha. Hakuwahi kumwona Bi Zuhura akimsalimia mtu wa Zinga. Kila mgeni alipoingia, mashine ilidhani Bi Zuhura amekwenda zake, na wapekuzi wote wakaamka pamoja. Aliporudi kwenye kibodi, wao walikuwa hawajui kusimama upesi. Ubaya zaidi, mmoja alikuwa akisoma kumbukumbu alizojiwekea mwenzake, na mwenzake anazisoma za huyu, zikawa hazimaliziki. Mimi nilipokaa peke yangu sikumsalimia mtu, kwa hiyo hawakuamka.

"Bi Zuhura, hawa wote uliwaweka wewe?"

"Mimi nimuweke nani? Wamekuja wenyewe, wamepiga hodi. Kinatokea kidirisha, kinaniuliza, pliizi, niingie? Mtu akuombe kwa adabu namna hiyo, nawe umjibu hapana?"

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Kisha nikaenda mbio kwa Mkuu, furaha tele, nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, akaelewa upesi, kama kawaida yake, na akatoa dawa papo hapo.

"Kumbe rahisi. Aache salamu ndefu."

Mchana ule ule kikabandikwa kikaratasi mapokezi: TAJA SHIDA YAKO MOJA KWA MOJA. Bi Zuhura alikisoma. Alikisoma tena. Akavua miwani.

"Sesilia, mimi nimezaliwa na watu," alisema. "Mzazi atoke alikotoka, mtoto wake mgonjwa, aje asimame mbele yangu nimwambie taja shida? Mama yangu akisikia atainuka hapo alipolala aje anitandike. Bora Fukayosi."

Na alimaanisha. Nilijua kwa jinsi alivyoanza kukunja kitambaa chake cha kudarizi. Nikarudi kwa Mkuu, safari hii nimepiga moyo konde. Nikamwambia salamu hazina kosa, wapekuzi ndio wenye kosa, nami ninaweza kuwaondoa. Akaniuliza swali la haki: wakiondoka, barua ataipataje? Nikamwambia zitapewa majina. Na nikamweleza habari za mama, mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemweleza. Akatazama dirishani. "Chuo kikifunguliwa," alisema, "nitakuja kusimama pale mapokezi nione mwenyewe. Mambo yakiwa yale yale, anakwenda." Hakuahidi zaidi ya hapo, wala sikumwomba.

Likizo ile wenzetu walikwenda kwao, sisi wawili tukabaki na Kumb. Nilidhani itakuwa kazi ya kuchosha, na kwa mikono ilikuwa ya kuchosha kweli, lakini sijacheka vile kazini tangu wakati huo. Mimi nafungua barua, namsomea maneno mawili, yeye anamalizia bila kutazama. "Huyo Mwajuma, aliyetaka kuhamia useremala kwa sababu ya mchumba." "Huyo mwenye duka aliyetuletea nyuzi zimeoza, akaapa Mungu ni mpya." Nikamuuliza sasa tuziiteje. Akanitazama kama namuuliza jambo la kitoto.

"Si kama anavyoingia mlangoni? Jina lake kwanza, halafu haja yake."

Basi ndivyo tulivyofanya. Mwajuma - kuhamia useremala. Mwenye duka - nyuzi mbovu. Kumb moja baada ya nyingine ikapata mtu ndani yake. Ninyi mnaotumia utaratibu huo hadi leo na kudhani ulitoka kwenye kitabu fulani cha masijala, ulitoka kwenye kinywa cha Bi Zuhura, akila kashata.

Kisha tukawaondoa wapekuzi. Walitoka kwa shida. Mmoja alitufungulia ukurasa wenye uso wa huzuni, anasema anasikitika kutuona tunaondoka, je, tuna hakika?

"Maskini," alisema Bi Zuhura. "Kinasikitika."

"Bi Zuhura, bonyeza."

"Bonyeza wewe. Mimi siwezi kumfukuza mtu anayelia."

Nikabonyeza.

Siku ya kufungua chuo, foleni ya wazazi ilitoka mapokezi ikafika kwenye tangi la maji. Mkuu alikuja kama alivyosema, akasimama nyuma ya kiti cha Bi Zuhura, mikono nyuma. Mimi nilikuwa kwenye stuli yangu na kikombe changu cha kahawa. Bi Zuhura alijua amekuja kufanya nini. Nilimwona anapumua, anaweka kanga yake sawa, na nikawaza, leo atafupisha, leo atasema tu "ndiyo, nikusaidie nini," na nani wa kumlaumu.

Akaingia mzee mmoja kutoka Fukayosi, amemshika mkono mjukuu wake, Mwanaisha, msichana aliyeugua mwaka wa nyuma akaacha masomo katikati. Walikuwa wametumiwa nakala ya barua ya kumhifadhia nafasi, lakini mvua iliingia ndani ikalowa yote. Bila barua hiyo angepangwa upya mwisho wa foleni, na nafasi zilikuwa zimekwisha. Mzee hakusema lolote kati ya hayo. Alisimama tu, akasubiri aamkiwe kwanza.

"Shikamoo, babu," akasema Bi Zuhura, akamgeukia mwili mzima.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za Fukayosi? Mvua zimewaachia kitu? Na bibi, bado anakohoa?"

Wakaenda hivyo, mvua, bibi, kuku, paa lililovuja. Mimi sikuwa nasikia maneno. Nilikuwa nasikiliza chini ya meza. Feni ilitulia. Ikaendelea kutulia. Msichana akamwambia babu yake kwa sauti ya chini aseme habari ya barua, na Bi Zuhura, macho yake bado kwa mzee, akapeleka mkono kwenye mausi. Mwanaisha - kuahirisha masomo. Ilikuwa pale, baina ya Mwajuma na Mwanamkasi. Printa ikaanza kuvuta karatasi mzee akiwa bado anaeleza lile paa.

"Chukua, babu. Mwanaisha, karibu tena. Umenawiri."

Mzee aliitazama ile karatasi, akaitazama tena, akaanza kufuta macho kwa mkono wa shati. Nami nikaanza, sijui kwa nini, maana mimi si mtu wa kulia kazini.

Nyuma ya kiti, Bwana Kimaro alisogea ukutani. Akanyoosha mkono, akabandua kile kikaratasi, akakikunja mara mbili na kukitia mfukoni. Kisha akazunguka, akaja mbele ya meza, pale wanaposimama watu wengine, akasimama sawasawa.

"Shikamoo, Bi Zuhura," alisema.

Tangu aje chuoni hakuwahi kumwamkia. Bi Zuhura alimtazama kitambo, kama mtu anayehakikisha mgeni amekwishaingia ndani.

"Marahaba, baba. Hujambo? Nyumbani wote wazima?"

Na Mkuu wa chuo akajibu, foleni ikisubiri, akaeleza habari za mke wake aliyekuwa amebaki bara, na mtoto anayeota meno, na alipomaliza akauliza: "Na mama, leo ameamkaje?"

Kuhusu Fukayosi halikusemwa neno tena.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo na nimeona mengi, mengine mtayakuta karakana yameandikwa kwa kalamu ya wino juu ya masanduku. Wapekuzi bado wapo, siku hizi wana adabu zaidi na wanasimama ukigusa kibodi, lakini mtu akiwaambia mashine ni nzito, msimtoe kitini. Chukueni stuli. Bi Zuhura alistaafu kabla yangu. Mama yake aliishi muda mrefu kuliko madaktari walivyodhani, na siku yake ilipofika ilikuwa ni mchana, saa ile ile ya bajaji, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Bi Zuhura huja kwangu Jumapili nikitoka kanisani, ananiuliza habari za nyumba nzima mpaka chai inapoa, nami sina haraka tena.

Nimemaliza kuandika. Mashine inaniuliza faili hili lihifadhiwe kwa jina gani, na kama kawaida yake imejichukulia maneno ya mwanzo mpaka kwenye mkato: Siku ya kukabidhi funguo za karakana. Nimeyafuta. Nimeandika: Zuhura - kubaki na mama.